Tufe la Zawadi

Kwenye dirisha la vifurushi pale posta alikaa mwanamke ambaye wenzake walimwita Mizani. Mteja akimkabidhi boksi, alilishika kidogo, akataja uzito wake, ndipo akaliweka kwenye mizani, na mara nyingi hakukosea hata gramu hamsini. Mkono ulikuwa umeshasoma.

Kwenye dirisha la pili, la stempu, alikaa Kicheko. Waliajiriwa wiki moja, wakiwa wasichana. Mizani alipoolewa, Kicheko ndiye aliyemsimamia. Alipojifungua, Kicheko ndiye aliyelala hospitalini kwenye kiti. Binti wa Mizani alikua akimwita mama mdogo. Walikuwa chanda na pete, na aliyetaka kumsengenya mmoja alihakikisha kwanza kwamba mwenzake hayupo.

Kila Jumatano wakitoka kazini walikwenda na timu ya posta ukumbi wa bolingi, kuviringisha matufe na kuangusha pini. Huko Mizani alikuwa moto wa kuotea mbali. Kila mwaka posta ilipeleka mchezaji mmoja tu wa kike kwenye mashindano ya mashirika, na kwa miaka sita mfululizo alikwenda yeye. Kicheko alikuwa wa pili kwa miaka hiyo hiyo sita. Alimshikia taulo, alimshangilia hadi sauti ikakauka.

Mizani alichezea tufe la ukumbi, la ratili kumi na mbili. Alilichagua kama alivyoelekezwa na mhudumu siku ya kwanza: shika tufe kifuani kwa mikono miwili, nyoosha mikono mbele, hesabu hadi tano. Mabega yakitetemeka kabla ya tano, hilo ni zito kwako. Ukiweza kusimama hivyo ukapiga hata soga, ni jepesi mno, litagonga pini litupwe pembeni. La kumi na moja aliliona kama chungwa. La kumi na tatu lilimvuta bega. La kumi na mbili lilimkaa.

Alipotimiza miaka hamsini, Kicheko alimletea boksi lenye utepe. Ndani mlikuwa na tufe la bluu, limetobolewa matundu kwa kipimo cha vidole vyake, limechongwa namba kumi na mbili na neno MIZANI.

"Shoga, hutaazima tena," Kicheko alisema. Mizani alilia mbele za watu.

Jumatano iliyofuata alilinyanyua akashtuka. "Mbona zito hivi?"

"Geni hilo. Utalizoea."

Hakulizoea. Mchezo wa kwanza alicheza vizuri, wa pili mkono ukachelewa, wa tatu tufe likamponyoka na kwenda kwenye mfereji wa pembeni. Kifundo cha mkono kikavimba. Alitaka kurudia tufe la ukumbi, Kicheko akamshika bega kwa huruma. "Namba si ile ile? Tatizo si tufe, shoga yangu. Hamsini si mchezo. Hata mimi magoti yananiambia."

Mizani akaamini. Alianza kujitazama kwenye kioo kama mtu anayetafuta ufa ukutani. Nyumbani aliacha kubeba ndoo, akamwambia mumewe mkono umezeeka. Hata kazini aliacha kutaja uzito wa mizigo. Aliona aibu mkono kumdanganya mbele za wateja.

Siku ya mchujo wa mashindano alishindwa vibaya. Kicheko alichaguliwa. Meneja akatoa hotuba fupi kwamba bingwa wetu sasa apumzike, na Kicheko akafuta machozi kwa lile taulo.

Mizani akaona hatacheza tena, akaamua kumtumia tufe bintiye, aliyekuwa akisomea uuguzi mji mwingine. Asubuhi moja, kabla dirisha halijafunguliwa, alilitoa kwenye mkoba akaliweka kwenye mizani, likiwa tupu, kabla ya kulifunga. Mshale ukapita kilo tano na nusu, ambapo ratili kumi na mbili zingesimama, ukaendelea hadi karibu na saba. Aliliondoa. Mshale ukarudi sufuri. Akaliweka tena. Hizo zilikuwa ratili kumi na tano.

Aliomba ruhusa, akalibeba hadi kwa fundi wa matufe, nyuma ya ukumbi. Fundi alilitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mama, si wewe mwenyewe uliomba? Rafiki yako alisema unataka kuzoea tufe zito, lakini ukiona kumi na tano utakata tamaa. Akaniambia nisugue namba, nichonge kumi na mbili." Akajikuna shingo. "Nilimwambia tufe lililotobolewa kwa kipimo chako linatakiwa lihisike jepesi kuliko la kuazima. Akacheka tu."

Mizani hakurudi kazini. Alikwenda nyumbani kwa Kicheko kumsubiri, akafungua kwa ufunguo aliopewa zamani, akakaa mezani jikoni, tufe mbele yake. Kicheko aliingia, akaliona. Aliweka funguo chini polepole.

"Ungeniambia unataka kwenda," Mizani alisema, "ningekuachia."

"Sikutaka kuachiwa. Miaka sita nakushikia taulo."

"Na mkono wangu? Uliniona natia barafu."

"Nilidhani utagundua. Wewe, Mizani, kweli hukugundua? Kila wiki nilingoja uniambie."

"Niligundua siku ya kwanza. Nikakuuliza."

Ndipo Mizani alipohisi uchungu wenyewe. Tufe na mashindano aliviona vidogo. Kilichomuuma ni kwamba mkono wake ulisema kweli, naye akaukanusha kwa sababu shoga yake alisema vingine. Aliondoka akiliacha tufe juu ya meza.

Hakumshtaki kwa meneja. Kicheko alikwenda kwenye mashindano, akawa wa tisa, akarudi na cheti ambacho hakukitundika. Siku ile ile ya kurudi kwake, Mizani aliomba kuhamishiwa chumba cha kupanga barua, nyuma, ambako hakuna dirisha la jirani. Bintiye alipopiga simu kuuliza mbona mama mdogo hapokei, alimjibu, "Muulize mwenyewe," na binti akaelewa kwamba hapo hapaulizwi zaidi.

Miezi mitatu baadaye kifundo kilipona. Alikwenda ukumbini Jumamosi, siku ambayo timu haichezi. Mhudumu akamwekea la kumi na mbili bila kuulizwa. Alilinyoosha mbele, akahesabu, na kwenye nne bega likatetemeka. Alilirudisha, akachukua la kumi na moja. Akafika tano, akapumua.

"Kumi na moja, mama?" mhudumu alishangaa.

"Ndiyo," alisema, akaenda kuvaa viatu.