Sabuni Iliyokataa Matabishi

Nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, narudi uani kwetu Nengo, hapa Gisenyi, mwaka ule mama yangu alipokuwa akipika sabuni. Mawese yalitoka Goma. Mama mdogo Furaha, aliyezaliwa tumbo moja na mama na kuolewa ng'ambo ya mpaka, aliyavusha kila wiki kwenye kivuko cha Grande Barrière, dumu likiwa kichwani, akaanza kumwita mama kabla hajafika mlangoni. Mama aliyachanganya na soda kali iliyoyeyushwa majini, akakoroga kwa mwiko mrefu hadi yakawa mazito kama uji. Nilikatazwa kusogea, maana soda huunguza, lakini macho hayana pazia.

Sokoni kwetu hakuna anayeuza bila matabishi, kile kidogo mteja anachoongezewa baada ya kupimiwa haki yake: viazi viwili vya Mudende juu ya ndoo iliyojaa, au maharage ya kujaza kiganja. Asiyetoa huitwa mchoyo, na mama angevumilia jina lolote isipokuwa hilo. Wateja walipomsifu, akatia matabishi hata chunguni. Akishapima soda kwa kopo lake, alichota kidogo tena akamimina, akiamini povu litaongezeka. "Haba na haba hujaza kibaba," alisema. Haikuchukua muda wanawake wakaja kutuonyesha viganja vilivyobabuka.

Mama akayalaumu mawese. Mama mdogo alipofika na dumu, aliambiwa mbele ya wateja kwamba mafuta yake yametiwa kitu. Akalitua dumu polepole. "Yaya," alisema, maana ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, "mafuta yangu iko muzuri. Kama unaona mi ni mutu wa kukuharibia kazi, bon, sitavuka tena." Na hakuvuka. Wahenga wanasema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, lakini mimi niliumia. Kila Jumamosi nilisimama langoni nikitazama barabara ya mpakani, na mama alijifanya hanioni.

Ndipo mwalimu wetu wa kemia alipotusimulia ugomvi mwingine. Zamani, Wafaransa wawili wataalamu walibishana miaka mingi. Mmoja aliamini kwamba vitu huweza kuungana kwa kadiri yoyote, kutegemea umeweka kiasi gani. Mwenzake, aliyekuwa akifanya kazi Hispania, alichukua jiwe la kijani lenye shaba lililochimbwa ardhini, na unga wa kijani aliouunda mwenyewe, akavichambua na kuvipima. Sehemu ya shaba ilikuwa ileile katika vyote viwili. Ukizidisha kimoja, alisema, ziada hubaki pembeni bila cha kuungana nacho. Nilistaajabu kwamba jiwe na unga vilitii kipimo kimoja, na nilistaajabu zaidi kusikia kwamba watu wale walibishana muda wote huo bila kuvunjiana heshima. Nikanyoosha mkono nikauliza kuhusu soda ya sabuni. Mwalimu akasema nayo ina kipimo chake: ikizidi, hukosa mafuta ya kuungana nayo, ikaishia kwenye ngozi ya mtu.

Nilikimbia hadi nyumbani. Mama alinisikiliza akiwa amekunja uso. "We mutoto, sasa unanifundisha kupika?" Hata hivyo alitoa lile dumu la mwisho la mama mdogo, akapima, na mkono wake ulipoirudia soda akauzuia. Sabuni ilipokomaa, wiki kadhaa baadaye, alinawa nayo yeye kwanza. Akaviangalia viganja vyake, vizima kabisa, kisha akajifunga kitenge, akachukua kipande kimoja, tukavuka mpaka.

"Mafuta yako ilikuwa muzuri," alimwambia mdogo wake mlangoni. "Ni mukono yangu iliharibu."

Mama mdogo aliinusa ile sabuni, akaigeuzageuza. "Kipande kimoja tu, yaya? Na matabishi yangu iko wapi?" Wakacheka hadi wakalia, na mimi nikalia pamoja nao.

Leo ninafundisha kemia, na mizani yangu inapima hata punje ya chumvi. Wanafunzi wangu huinakili kanuni ile ya kipimo kisichobadilika kwa dakika moja, bila kuuliza ni nani waliobishana hadi ikapatikana. Uani kwetu hakupikwi tena sabuni. Tunanunua ya dukani. Lakini mama mdogo bado anavuka, mvi zimemjaa, akimletea dada yake mawese ya kupikia. Humjazia chupa hadi shingoni, kisha humwongezea tena kidogo. Yanamwagika mezani, na mama anayapangusa kwa kiganja.