Judica na Salamu za Hewani

Mke wangu Judica hawezi kuanza jambo lolote bila salamu, na nasema hivi kama mtu aliyeteseka. Sokoni kule Baiyun, hapa Guangzhou, wenzetu wakiingia dukani wanauliza bei. Yeye anamuuliza laoban, yaani bosi wa duka, ameamkaje, mama yake yu hali gani, mtoto kafaulu mtihani? Kichina chake ni cha kuokoteza, lakini kwenye salamu hakina pengo. Mimi nasimama nje na mizigo, miguu inawaka moto. Akitoka, amepata nguo kwa bei ambayo sisi wengine tungeambiwa "meiyou", hakuna, kabla hatujamaliza kuuliza. Basi nanyamaza.

Kilichomshinda ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Viwanda vinafungwa, masoko yanafungwa, kila mtu anakwenda kwao, na jiji lote hili linabaki kimya. Mtoto wetu Agape anasoma Moshi, anakaa na bibi yake. Mwaka juzi nilimkuta Judica jikoni analia, nikadhani kuna msiba. Akaniambia, "Baba Agape, tangu juzi sijamsalimia mtu." Nikacheka, na ilikuwa kosa kubwa kucheka.

Mwaka jana jirani yetu Mzee Liang, fundi mstaafu wa reli, akatualika kwenye chama chake. Ni wazee watupu, kila sikukuu wanasafiri kwa msafara wa magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani. Tukakodi la kwetu. Judica alifurahi mpaka akapika vitumbua vya kulisha harusi. Sharti lilikuwa moja: safari ile ni ya majaribio, na mwishoni Liang ndiye angeamua kama sisi ni wanachama au wageni waliopita tu. Judica aliutaka uanachama ule kuliko kitu chochote nilichowahi kumnunulia, na mimi nimenunua vingi.

Kila gari lilipewa redio koli. Liang akatusomea kanuni utadhani yuko stesheni: bonyeza kitufe, sema shida yako, achia. Ukishikilia kitufe, chaneli nzima ni yako, hakuna mwingine atakayesikika. Nikamwangalia Judica. Akasema amesikia, mbona namkodolea macho?

Asubuhi ya kwanza tunaelekea milima ya Guilin, Judica akashika redio. Akaanzia gari la mwisho. Bibi Zhou, umelalaje? Goti je? Lile ulilopaka dawa au lile lingine? Na kidole bado kiko kwenye kitufe, anaulizia mpaka mtu wa gari linalofuata. Nikamwambia, "Mama Agape, achia." Akaniambia niangalie barabara. Kumbe wakati huohuo Liang alikuwa anahangaika kutuambia tuchepuke kushoto, na hakuna aliyemsikia. Yeye akachepuka, sisi wengine tukanyoosha mbele. Barabara kuu ya Uchina ukipitiliza si mchezo, tulikwenda weee mpaka nikadhani tunarudi Tanzania kwa mlango wa nyuma.

Liang alipotupata, uso umemwiva. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniogopesha: akisikia salamu nyingine hewani, sisi tunageuza kurudi Guangzhou, na habari ya uanachama imekwisha. Judica akainamisha kichwa, akaiweka redio kwenye droo ya vijiko.

Siku nzima hakusema neno. Miaka yote hii ya ndoa nimeomba kimya, nikapewa chote kwa mkupuo, na sikukipenda. Niliendesha gari nikiwa na uchungu, nikajikuta namuuliza mwenyewe ameamkaje, saa tisa mchana.

Jioni tuliegesha kando ya mto. Liang ana redio nyingine, kubwa, ya masafa marefu, ile inayohitaji mtihani na leseni, na waya wake ameufunga juu ya mti. Akakaa mlangoni kwake anaita nchi za mbali. Anaita, anasikiliza, anaita tena. Mara mtu wa kisiwa fulani huko akamjibu, naye akachangamka kama mtoto. Judica alikuwa anaosha sufuria. Akasema, "Huyu mzee anatafuta watu dunia nzima. Jirani yake hajui kalalaje." Hakusema kwa hasira. Alimhurumia, na mimi ndipo nikamwona Liang vizuri: peke yake na ule waya wake.

Kesho yake tukapanga foleni. Liang akaita magari, kila gari likaitikia, sisi kwa honi. Akasema tuondoke. Halafu redio ikalia kule kwenye droo. Bibi Zhou: goti bado linauma, kama kuna anayetaka kujua. Mwingine akaingia, yeye amelala vizuri, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mwingine akasema mkewe anakohoa. Judica akatoa redio, akaishika mapajani kwa mikono miwili, hagusi kitufe. Nilijua akijibu tu, tumekwisha.

Liang akawaambia wote wanyamaze. Chaneli ikatulia. Hakuna gari lililosogea.

"Judica," akasema Liang. "Jana kwenye salamu hukunifikia."

Judica akaniangalia. Akabonyeza. "Mzee Liang, umelalaje?" Na safari hii akaachia.

Kwetu ukiulizwa hivyo unajibu salama kwanza, hata kama paa limeezuliwa, ndipo unaeleza. Yeye hakulijua hilo.

"Vibaya," akasema. "Mke wangu ndiye aliyekuwa ananiuliza. Tangu afariki sijalala vizuri."

Judica, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimfahamu, akakosa. Kichina chake cha sokoni hakikuwa na kitu cha kumpa. Akabonyeza kitufe na kusema kwa Kiswahili, "Pole, baba. Pole sana." Akaachia.

"Kuanzia kesho," akasema Liang, "uanze na mimi."