Uji wa Dokta Villaruz

Ukimkosea Nenita, tunayemwita Manang, yaani dada mkubwa, hata hapa mjini kwetu Iloilo ambako watu husameheana upesi, jua kwamba utalipa, tena siku ambayo wewe mwenyewe umeshasahau kosa lako.

Binti yake, Lulay, alizaliwa na ubongo uliokosa hewa. Mwili ulikakamaa, shingo haikumtii, maneno hayakuja. Kicheko kilikuja, tena kikubwa. Alipokuwa mdogo alilazwa kwa homa, na muuguzi mwenye haraka akamlisha uji wa mchele akiwa amelala chali, kichwa kimerudi nyuma. Uji ukaingia mapafuni. Asubuhi yake Dokta Villaruz akapita wodini na wanafunzi wake, akasimama kando ya kitanda, na bila kuuliza lolote akawaambia kwamba hivi ndivyo mama mzembe anavyomuua mtoto wake. Nenita alipofungua kinywa ajieleze, daktari hakumtazama hata usoni.

"Kaa kimya, mama. Nafundisha."

Lulay alipona, lakini kifua hakikuwa tena kile cha zamani. Nenita akawa anayarudia yale maneno akifua, akipika, akimgeuza mtoto kitandani. Mumewe alimsihi ayaache. Alimjibu kwamba atayaacha akishamrudishia aliyeyasema.

Miaka ikapita. Chuo cha udaktari kikaanzisha mafunzo ambayo wazazi wa watoto wenye ulemavu ndio walimu, na Mwalimu Tupas, mwanamke aliyeyasimamia, akaja kumwomba Nenita ashiriki. Nenita akakataa, ila kwa adabu akampikia kahawa. Katika mazungumzo mgeni akataja kwamba hata madaktari wakubwa watahudhuria, akiwemo Dokta Villaruz. Nenita akauliza darasa linaanza lini.

Mimi ni jirani yao, na siku ya darasa ndimi niliyesukuma kiti cha Lulay. Villaruz alikaa mstari wa mbele, kichwa kimejaa mvi. Alimsalimia Nenita vizuri, kama mtu asiyemjua kabisa. Nenita alipoomba mtu wa kujitolea, wanafunzi kadhaa waliinua mikono. Akawaruka wote.

"Wewe, Dokta. Njoo ulale hapa mezani."

Akalala, akitabasamu. Nenita akamwambia alalie viganja vyake, asiweze kutumia mikono, akamsukuma kichwa nyuma, akaanza kumlisha uji kijiko baada ya kijiko bila kumngoja ameze. Wanafunzi wakacheka. Kisha uji ukapita njia isiyo yake. Villaruz akajiinua akikohoa, machozi yakimtoka, uji ukimchuruzika puani. Sasa hakuna aliyecheka isipokuwa Lulay, aliyeangua kicheko mpaka kiti kikatikisika.

"Uzembe wa nani huu, Dokta?" Nenita akauliza. "Wangu, au wa mama yako aliyekuzaa?"

Villaruz akajaribu kusema kitu.

"Kaa kimya. Nafundisha."

Mwalimu Tupas alikuwa ameshasimama, akasema Manang, inatosha. Nenita hakumsikia. Aliwaeleza wanafunzi kila kitu, wodi ile, homa ile na maneno yale, huku mwenye maneno akijifuta kidevu mbele yao.

"Sikumbuki," Villaruz akasema hatimaye.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Baadaye akawaonyesha wanafunzi namna ya kumkalisha mtoto, kuinamisha kidevu na kungoja ameze. Walimlisha Lulay kwa zamu. Villaruz hakupewa kijiko.

Alitufuata hadi getini kuomba radhi. Nenita akamwambia maneno hayamfai kitu. Anachotaka ni kwamba kila wanafunzi wapya wakija, atakayelala mezani awe yeye. Akakubali, na mpaka leo analala. Nasikia katika wodi yake hakuna tena mtoto anayelishwa chali.

Juzi nilimwambia Nenita kwamba ameshinda, amwachie mzee wa watu apumzike. Alikuwa akimpigapiga Lulay mgongoni ili makohozi yatoke, na hakuacha.

"Mwanangu bado anakohoa," akasema. "Na yeye akohoe."