Niliziba kila tundu la nyumba ili mke wangu aiweze winter ya Durban

Wakuu, salaam kwenu mlio nyumbani na sisi tulio huku kwa wenyewe.

Humu mimi ni msomaji tu, siandiki. Lakini nimeona uzi wa kijana anayehamia Durban, anauliza aiandaeje nyumba kabla ya winter, na karibu kila anayejibu anamwambia ziba, funga, washa heater.

Nikaona nimweleze yaliyonikuta. Sitatia chumvi. Mzee wa umri wangu akidanganya mtandaoni, anamdanganya nani?

Kwanza muielewe baridi ya hapa. Siyo ya Joburg. Mchana jua linawaka na unatembea na shati. Shida iko ndani. Nyumba za zamani za mtaa wetu, Glenwood, zilijengwa kwa ajili ya joto: dari iko juu, sakafu ni ya mbao, na karibu na dari kuna matofali yenye matundu ya kupitisha hewa. Jua likizama, ndani kunakuwa na baridi kuliko nje.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka 2011 nilikuwa nimepanga vyumba viwili vya nyuma kwenye nyumba kama hiyo. Vya mbele alikaa Mama Béni, mama wa Kikongo mwenye saluni, kwao Bukavu kwenye milima ya baridi.

Mke wangu, Mama Zuhura, alibaki Tanga miaka yote niliyokuwa huku. Mtoto wa mwisho alipoolewa, akakubali kuja. Tulipatana kwenye simu kwamba akae winter moja. Akiiweza, anahamia jumla. Ikimshinda, anarudi na hatutasumbuana tena kwa jambo hilo.

Kwa hiyo winter ile ilikuwa mtihani, na mimi niliazimia afaulu.

Kabla hajafika nilipiga masking tape madirisha yote, pande zote nne. Nikashona mapazia mazito, ndani yake blanketi. Nikashona mfuko mrefu wa mabaki ya vitenge, nikaujaza mchanga wa beach, nikaulaza chini ya mlango kuzuia upepo. (Mfuko huo nausifu hadi leo, mtengeneze.)

Mwisho nikapanda juu ya kiti, nikashindilia magazeti kwenye yale matofali ya matundu na kupaka saruji juu.

Mama Béni alipita akanikuta huko juu. Akasema, "Papa, unafunga nyumba sawa kopo, boîte ya sardine. Bibi yako atapumulia wapi?"

Nikamwambia mtu wa Bukavu amezaliwa na sweta, wangu ni wa Tanga. Akacheka, akaenda zake.

Mama Zuhura akafika. Nikamwonyesha kila kitu kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Heater ya mafuta ya taa inawaka, nguo tunaanika ndani, joto lipo. Nikajua nimeshinda.

Sasa, watu wa pwani mnafahamu, Alhamisi jioni nyumba inafukizwa. Alikuja na chetezo chake cha mkaa na udi wake. Kwetu Tanga moshi unapita kwenye nguo, unazunguka chumba, unatokea dirishani, na jirani akisikia harufu anajua kwa fulani wenyewe wapo.

Glenwood moshi ulikuwa hauna pa kutokea.

Akaanza kukohoa, na kichwa kikawa kinamuuma kila siku. Mimi nikasema hiyo ndiyo baridi imeanza kazi yake. Nikaongeza tape.

Siku moja akaniambia, "Baba Zuhura, nifungulie dirisha kidogo, na mimi nisikie watu."

Nikamjibu, "Watu gani utawasikia na wewe Kizulu hujui?"

Nilidhani ni utani mzuri. Hakucheka.

Alhamisi moja, heater inawaka, naye ameinamia chetezo akifukiza nguo, akaanguka. Mimi mwenyewe nilikuwa na kizunguzungu. Nikamburuta hadi kibarazani kwa Mama Béni, hewa ikampiga, akarudiwa na fahamu. Kliniki nesi akatueleza kwamba mkaa na mafuta ya taa kwenye chumba kilichozibwa vinaua, na kwamba tufungue nyumba.

Hapa nisomeni vizuri.

Tuliporudi nilizima heater. Halafu nikachukua chetezo chake, nikakiweka juu ya kabati, nikamwambia moshi wake ndio uliomwangusha. Tape sikuigusa. Matundu sikuyazibua.

Kuziba ulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Hili lilikuwa kiburi. Sikutaka kazi ya mikono yangu ionekane ndiyo iliyomdhuru.

Hakuomba dirisha tena. Kila asubuhi alijitanda shali, akaenda kukaa kibarazani kwa Mama Béni juani hadi jioni. Kukohoa hakukwisha. Mwezi wa nane akasema anataka kwenda kwake.

Nikamsindikiza airport. Watu waliponiuliza, niliwajibu kwamba ameshindwa na baridi.

Chetezo hakukiulizia. Nilipokishusha nikavuta na kabati nifagie, nikaona ukuta wa nyuma yake umekuwa mweusi kwa ukungu, kutoka dari hadi sakafuni. Koti nililomshonea la winter nalo lilikuwa limeota ukungu mgongoni. Jasho la nguo mbichi, mvuke wa sufuria na heater, vyote vilikuwa vimejificha humo pamoja na sisi.

Nikabandua tape, nikachokoa magazeti, nikampigia simu. Nikamwambia nimefungua.

Akasema, "Baridi niliiweza, Baba Zuhura. Kilichonishinda ni kuomba hewa."

Hajarudi. Tunasalimiana kila Ijumaa baada ya swala. Kifua chake kilipona hukohuko.

Kijana uliyeuliza: shona mapazia mazito, weka mfuko wa mchanga mlangoni, nunua blanketi nzuri. Mchana fungua madirisha yote jua liingie. Matofali ya matundu usiyaguse. Kitu chochote cha moto wa mkaa au mafuta ya taa, dirisha liwe wazi. Na kama unamleta mtu, muulize kwanza yeye anataka nyumba iweje.

Mimi bado niko Glenwood, chumba kilekile. Chetezo kipo dirishani, na dirisha liko wazi upana wa kiganja, winter yote.

Wanaozijua nyumba za huku, wa Cato Manor na Westville pia, ongezeni nilichosahau. Na kama yupo humu aliyewahi kumtangaza mkewe kwamba ameshindwa, kisha akamwomba arudi, aniambie alianzaje.