Chungu Kilitoka Vizuri

Adela wa Mwazye hakuwa mtu wa kuchezewa. Alifiwa na mume akiwa na tumbo la miezi saba, akalima matuta yake mwenyewe, akasomesha watoto kwa kuuza ulezi aliouvuna, na aliyekuja kumwonea huruma alitoka uani mbio. Duniani alimnyenyekea mtu mmoja tu: dada yake Fransiska, aliyembeba mgongoni utotoni.

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa vitu vya nje, Fransiska alilala kitandani na ikajulikana kuwa hatainuka tena. Miaka sabini, na hajapigwa picha hata siku moja. Adela akaapa wajukuu hawataisahau sura ile. Akamwita Theodory, mpiga picha wa Matai, aliyeirithi kazi kwa marehemu baba yake, Wilibrodi.

Theodory alikuja na kamera mpya kutoka Tunduma. Hii, alijigamba, haitaki mtu azungushe lenzi ili sura itoke wazi. Inamtafuta mtu yenyewe. Akapiga tatu mle chumbani, kuta zimeiva kwa moshi, lenzi ikiguna, ikienda mbele na kurudi nyuma kama mwanambuzi aliyepotewa na mama.

Picha zilirudi baada ya wiki tatu. Chungu cha karibu na mlango kilitoka vizuri, hata ufa wake ulionekana. Fransiska alikuwa ukungu uliofunikwa shuka.

Adela akaenda Matai kwa miguu. Akamkuta Theodory kibarazani na wateja wake.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Akamtupia picha mapajani. "Nilikuita upige chungu?"

Theodory akajitetea kwamba kamera hushika penye mwanga, na mwanga ulikuwa pale mlangoni. Kosa ni la nyumba, nyeusi mno. Mgonjwa atolewe nje.

"Dada yangu amesema mlango ule ataupita mara moja tu, akiwa amebebwa. Aupite mara mbili kwa ajili ya mashine yako?" Wateja wakatazama chini. "Baba yako alimpiga picha mama yetu chumba hichohicho. Alipima kwa kamba, toka kwenye lenzi mpaka puani, ndipo akazungusha kwa mkono. Yule alikuwa na macho. Wewe umenunua macho dukani, nayo gizani hayaoni."

Kesho yake Theodory alikuwa Mwazye. Kamera ikaanza tena kuguna, mbele, nyuma. Adela aliitazama kwa hasira. Hata yeye, akitunga uzi gizani, huisogeza koroboi kwenye tundu la sindano. Mashine gani hii isiyojua hata hilo? Akawasha koroboi, akaishika karibu na shavu la dada yake. Lenzi ikaguna mara moja, ikatulia.

"Tangu utoto," Fransiska akasema, "hujaacha kutaka kuniunguza."

Akacheka, pengo wazi. Theodory akabonyeza.

Wiki iliyofuata Fransiska aliupita mlango, mara yake moja.

Picha ilifika siku ya kuondoa matanga. Uso wote ulikuwamo, mikunjo na pengo, na pembeni mkono wa Adela umeshika koroboi. Theodory akasema anaweza kuukata mkono ule, picha ipendeze.

"Ukate uone. Bila huo ungeniletea chungu tena."

Theodory akaaga, akatoa tena shikamoo. Safari hii Adela akajibu marahaba, kama mtu anayemeza kwinini.