Maji kwenye Matanga ya Adrien

Katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako Ninahazwe na Adrien walioana na kumzaa mtoto wao Bertrand, soda ilikuwa kitu cha harusi na ubatizo. Chupa moja iligawanywa kwa watu wanne. Ndiyo maana walipopokelewa Sydney na kupata nyumba Toongabbie, magharibi ya jiji, fahari ya Adrien haikuwa gari wala televisheni. Ilikuwa kufungua friji na kumwekea mgeni chupa nzima, ya peke yake. Kumpa mgeni maji, alikuwa akisema, ni kumwambia kwamba bado tunaishi kwenye hema.

Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, na kanisani aliimba sauti ya chini kabisa. Kazi yake ilikuwa kupanga maboksi kwenye ghala. Mchana alikula pai ya dukani na kuiteremsha kwa soda kubwa. Jioni, Ninahazwe akiwa zamu kwenye nyumba ya wazee, baba na mwana walikaanga soseji na kuchemsha tambi za pakiti. Wote wawili walinenepa, na kwa watu waliowahi kupanga foleni ya mahindi ya mgao, unene ulikuwa jibu la maombi.

Miaka michache kabla ya corona, Adrien alipimwa akakutwa na kisukari. Ninahazwe alimuuliza daktari waziwazi kama ni soda iliyomfanya hivyo. Daktari alijibu kwamba hawezi kuitwika soda lawama zote, kwa kuwa kuna mambo ya ukoo, umri na uzito. Lakini mtu anayekunywa kiasi kile kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, anajiongezea hatari kubwa, na sasa ilibidi aache. Katika maneno yote hayo Adrien aliondoka na moja tu, lile la ukoo. Alijizuia kwa muda, kisha akaanza kuficha chupa chini ya kiti cha gari.

Mwaka 2021 magharibi ya Sydney ilipofungwa kwa sababu ya corona, watu wasitoke majumbani, watu wa kanisa walisaidiana. Anicet, mdogo wake Adrien, alizunguka na gari lake akiacha maboksi milangoni: tambi, biskuti, nyama ya kopo, na soda kwa wingi. Alitoa kwa moyo safi. Ninahazwe alimpigia simu akamwomba soda azipeleke kwingine, naye akacheka. Adrien mwenyewe alimwambia mkewe kwa upole kwamba amenyimwa kazi, kanisa na ndugu. Basi amwachie hiki kimoja. Ninahazwe akamwachia.

Mwezi wa Agosti corona ikaingia nyumbani. Bertrand aliumwa kidogo akapona, lakini Adrien alichukuliwa na gari la wagonjwa. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuata. Muuguzi alimshikia simu usoni ili mkewe amwone, na mipira ya kupumulia haikumruhusu kusema neno. Baadaye walimweleza Ninahazwe kwamba figo zilikuwa zimeshachoka na kisukari, mwili ukakosa nguvu ya kupambana. Amri ya wakati ule iliruhusu watu kumi tu makaburini. Yule aliyekuwa akilikaribisha kanisa zima nyumbani kwake akazikwa na watu kumi.

Matanga yakaanuliwa mwaka uliofuata, wakati milango imeshafunguliwa. Watu walijaa uani, wengine wametoka Penrith na Bankstown. Ninahazwe alipika ugali, maharage, samaki na ndizi. Mezani akaweka majagi ya maji na birika za chai ya tangawizi isiyo na sukari. Manung'uniko yakaanza chinichini, hadi Anicet akamfuata jikoni.

"Shemeji, umesahau vinywaji."

"Sijasahau."

"Watu wametoka mbali kumheshimu kaka. Tutaanuaje tanga lake kwa maji?"

"Kaka yako alikunywa kwa niaba yenu wote," akasema Ninahazwe. "Leo mtakunywa maji."

Anicet alishusha sauti. Alisema corona ndiyo iliyomuua kaka yake, na daktari mwenyewe alishasema kisukari ni cha ukoo.

"Kama ni cha ukoo, wewe ni wa ukoo gani?"

Anicet alichukua funguo za gari akatoka, na aliporudi alikuwa na katoni za soda, akazipitisha uani mkono kwa mkono. Watu walipokea kwa ahueni, kama waliookolewa kutoka kwenye aibu. Bertrand naye akanyoosha mkono akachukua chupa. Mama yake alimwambia airudishe. Kijana akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Baba angekuwa wa kwanza kufungua. Ilikuwa kweli. Ninahazwe aliingia ndani akaanza kuosha sufuria ilhali wageni walikuwa bado wanakula.

Baada ya siku hiyo walimwita mchoyo. Wageni wakapungua, kisha wakakoma. Aliyeendelea kuja ni Jerusha, Mkenya aliyekuwa akifanya naye kazi.

Karibu na Krismasi, Anicet alibisha hodi. Suruali ilimning'inia, mkanda umetobolewa matundu mapya. Alisema macho yanaona ukungu, akamwomba shemeji yake ampeleke kwa daktari wa kaka yake. Ninahazwe alijua jibu kabla hawajafika, na damu ilipopimwa ikawa vile vile, kisukari.

Wakiwa kwenye gari, Anicet alimsihi asiwaambie watu wa kanisani. Ninahazwe alikuwa na maneno aliyoyatunza tangu siku ya matanga. Sasa yalimfika mdomoni, akayaona hayana kazi. Akamuuliza tu, kiu ikimshika huwa anakunywa nini.

"Soda," akasema Anicet. "Maji hayaikati."