Uzi Wenye Mafundo Matatu

Dada yangu alisuka nywele za watu miaka kumi na moja kabla hajagusa bisibisi. Siku hizi chumba chetu tumekigawa: dirishani mimi na wateja wangu wa nywele, ukutani yeye na kompyuta zake. Feni ni moja, tunaigombania kila siku. Ni mbishi, hasikii la mtu, lakini jamani, yule mwanamke ana mikono! Kwa hilo namvulia kofia.

Siku moja aliingia dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mkubwa, mpole, akatoa mfukoni uzi wenye mafundo matatu.

"Fundo la kwanza urefu, la pili upana, la tatu kimo," akasema. "Ndiyo nafasi iliyopo nyuma ya kiti changu. Nataka kompyuta ya gemu iingie humo, dada'angu, isizidi hata unywele."

Nikacheka. Nimewahi kuona boksi la viatu kubwa kuliko nafasi hiyo! Dereva hakucheka. Ana binti wa miaka minane, na akiwa nyumbani hucheza naye gemu ya kujenga nyumba. Safari iliyopita ilimchukua wiki sita. Aliporudi, mtoto alimwamkia akiwa nyuma ya mama yake, kama anaamkia mgeni.

"Ninapolala njiani kuna umeme na intaneti," akasema. "Nikicheza naye kila jioni, hatanisahau. Naondoka Jumamosi."

"Acha huo uzi," Dada akamwambia.

Dada hapimi kwa macho. Kila kifaa hukikata kwanza kwa karatasi ngumu, saizi ileile, apange bandia kabla ya vyenyewe. Siku tatu chumba kilijaa maboksi mpaka wateja wangu wakauliza kama tunahama. Bodi isiyozidi shubiri, kadi ya picha fupi, feni nyembamba, vyote vya karatasi vikakaa bila shida ndani ya kasha alilolipima kwa uzi. Ijumaa asubuhi akapanga vya kweli, akaweka mfuniko. Ukagoma.

"Sukuma kidogo," nikamwambia.

"Sukuma wewe kichwa cha mteja wako."

Kosa lilikuwa la aibu. Alikata karatasi ya kila kitu isipokuwa nyaya za umeme, na nyaya zenyewe ndefu, nene, zimejikunja juu furushi zima. Dereva anaondoka kesho. Dada akaketi, mikono mapajani. Moyo uliniuma kweli.

Kisha akanyoosha mkono upande wangu. "Nipe chanuo lako lenye mkia. Na nyuzi za rangi, zote."

Akakata waya wa kwanza. Mungu wangu! Waya mmoja ukiingia tundu lisilo lake mashine yote inaungua, na hakukuwa na nyingine. Akafupisha nyaya ishirini na nne, kila mmoja kaufunga uzi wa rangi yake asiuchanganye, akabana vichwa vipya vya kuchomekea. Halafu akazisuka, bapa, zikalala pembeni ya kasha kama nywele za mtoto wa shule. Wateja wangu wakainuka vitini, vichwa vimesukwa nusu, kutazama.

Saa kumi jioni mfuniko ukafungika. Akawasha. Feni zikavuma taratibu, picha ikatokea, nami nikapiga kigelegele kama mwehu.

"Chanuo lako chafu," ndilo neno alilosema.

Jumamosi dereva aliupima uzi wake juu ya kasha, fundo kwa fundo, akamshika Dada mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Wiki ya tano, mama mmoja akamleta bintiye asukwe. Mtoto hatulii kitini.

"Unakimbilia wapi, mrembo?" nikamuuliza.

"Fanya haraka, shangazi! Baba yuko safarini, ananisubiri kwenye kompyuta. Leo tunaezeka, na peke yake hajui, anapanga mabati kichwa chini."

Dada hakugeuka. Aliinama mezani akitafuta bisibisi, na bisibisi ilikuwa mkononi mwake.